Kabla hujanunua boosta kubwa zaidi, panda juu ufungue konekta

Swali: "Habari za kazi, mtaalamu. Nina boosta ya simu nyumbani kwangu, nyumba iko bondeni. Imefanya kazi vizuri mwaka mmoja na nusu. Mvua zilipoanza, mtandao ukawa unashuka siku hadi siku. Nikaongeza kebo kama mita kumi, nikaisogeza antena ya ndani hadi karibu na dirisha. Tangu hapo taa ya boosta iliyokuwa ya kijani inakuwa nyekundu. Simu inaonyesha baa zote, lakini nikipiga haiunganishi. Tena mchana wa jua kali inazima yenyewe, jioni inarudi. Fundi amesema imechoka, ninunue yenye nguvu zaidi. Ni kweli imechoka?"

Jibu:

Ndugu yangu, nakuomba usinunue kwanza. Katika maelezo yako naona magonjwa matatu, na hakuna hata moja linalotibiwa na boosta yenye nguvu zaidi. Moja kati ya hayo litazidi kabisa ukiileta. Umenisaidia sana kwa kueleza mambo kwa mfuatano yalivyotokea: mvua kwanza, mtandao ukashuka, ukahamisha antena, ndipo taa nyekundu ikaja. Mfuatano huo unaonyesha kwamba sanduku lenyewe halikuwa la kwanza kuugua, na huenda haliugui hata sasa.

Watu wengi huitazama boosta kama mtambo unaotengeneza mtandao. Haitengenezi kitu. Inachukua kile antena ya nje ilichokidaka, inakikuza, inakirusha ndani. Na sauti yako inarudi kwa njia ile ile kuelekea mnarani. Ikipewa kidogo inakuza kidogo, na ikipewa takataka inakuza takataka. Ndiyo maana asilimia kubwa ya kazi ya kuitunza iko nje ya sanduku: kwenye mlingoti, kwenye kebo na kwenye konekta zake, yaani viungio vya ncha za kebo.

Nikupe hesabu ndogo, maana bila hiyo tutakuwa tunabahatisha. Nguvu ya mawimbi tunaipima kwa dBm, na namba zake huwa na alama ya kutoa mbele. Ikikaribia sifuri ina nguvu, ikienda mbali na sifuri imedhoofika: -70 ni nzuri, -110 ni hoi. Tofauti kati ya namba mbili tunaiita desibeli: kila desibeli 3 zinazopotea ni nusu ya nguvu imekwenda. Desibeli 10 zikipotea, imebaki sehemu moja kati ya kumi. Sasa chukua mfano wa mtambo mzima wa masafa ya megahezi 900. Juu ya paa pana -85 dBm. Antena ya Yagi, ile yenye vijiti vilivyopangwa kama mifupa ya samaki, inaongeza 10, tunafika -75. Kebo ya kushukia inakula 3, tunafika -78. Boosta inakuza kwa desibeli 60, tunapata -18. Kebo ya ndani inakula 2, antena ya ndani inaongeza 3, tuko -17. Ukikaa mita 5 kutoka kwenye antena hiyo, hewa peke yake imekula kama 45, simu yako inaona kiasi cha -62. Hapo unaongea raha mustarehe.

Rudi kwenye mnyororo huo, sasa weka konekta moja iliyoingia maji inayokula desibeli 15. Boosta iko vile vile, haijachoka hata chembe, lakini simu imeshuka hadi -77. Ongeza ukuta mmoja au miwili, na siku ambayo mnara wenyewe umeelemewa na watu, ndiyo hali uliyoieleza mvua zilipoanza.

Kwa hiyo kazi ya kwanza si kugusa boosta. Ni kwenda na simu yako pale antena ya nje ilipo, ukasome namba. Lakini kabla ya kupanda nina maneno machache, na nayasema kwa uzito wote. Usipande paa likiwa na maji. Usipande wingu la mvua likiwa limefunga, hata kama radi unaisikia kwa mbali sana. Tazama nyaya za umeme zinazopita karibu: mlingoti ulioushika ukiziegemea, hakuna glavu itakayokuokoa. Kanuni ninayoifuata ni kwamba mlingoti ukiweza kufika kwenye waya wa umeme pale unapoanguka, basi hapo si mahali pake. Na awepo mtu chini anayejua uko juu.

Baa za simu usizitegemee. Kila mtengenezaji anazichora anavyotaka, na wewe mwenyewe umeona baa zote huku simu haiunganishi. Katika simu nyingi za Android namba ya dBm iko kwenye mipangilio, sehemu ya maelezo ya simu, chini ya hali ya laini. Katika iPhone unapiga *3001#12345#* ukurasa wa vipimo unafunguka. Zima boosta kabisa, simama karibu na antena ya nje, subiri dakika moja simu itulie, andika namba. Kisha shuka, simama mahali unapokaa kila siku, andika nyingine boosta ikiwa bado imezimwa. Tatu, washa boosta uandike tena pale pale.

Namba ya juu ya paa ndiyo inayoamua kama tuendelee. Ikiwa hapo palipokuwa na mtandao mzuri mwaka jana leo pana -115, basi shida iko kwa mnara au kwenye mwelekeo wake, na hata ubadilishe kila kitu nyumbani hutapata nafuu. Kampuni za simu huhamisha huduma kutoka bendi moja, yaani kundi moja la masafa, kwenda nyingine, hufunga 3G, huwasha 4G kwenye masafa mengine. Boosta iliyotengenezwa kwa ajili ya megahezi 900 na 2100 haitakusaidia lolote kama mnara wako sasa unatoa huduma kwenye 800 au 1800. Inawaka kijani, ni nzima, ila inakuza masafa ambayo simu yako haiyatumii tena. Tazama kibandiko kilicho mgongoni mwa boosta, kina orodha ya bendi zake, ulinganishe na bendi ambayo simu inaionyesha kwenye ukurasa ule wa vipimo.

Ukiwa huko juu, itazame pia antena yenyewe. Upepo wa miezi kumi na minane unatosha kulegeza nati za mabano na kuigeuza Yagi kidogo kidogo hadi ikawa inaangalia mlima badala ya mnara. Vijiti vyake vilale vile vile fundi alivyoviweka. Kama alivisimamisha wima, viwe wima. Ukiigeuza utafute mnara, geuza kidogo, subiri, mtu wa chini asome namba, ndipo ugeuze tena. Simu haibadilishi namba papo hapo, na wengi hupita pale pazuri kwa sababu ya haraka.

Namba ya paani ikiwa nzuri na ya ndani ikiwa mbaya, sasa tunafungua konekta. Hapa nikusimulie nilichokiona, maana naamini ndicho utakachokiona wewe. Niliitwa kwenye jengo ambalo boosta ilishabadilishwa mara moja, na mpya nayo "ikachoka" msimu wa mvua uliofuata. Nilipanda nikakuta konekta ya antena imezungushiwa tepu nyeusi ya umeme, nadhifu kabisa kwa kuitazama. Niliibana kwa vidole, maji yakatoka. Si unyevu: maji, matone matatu yakadondoka kwenye kiganja. Nilipofungua, pini ya kati ilikuwa na unga wa kijani kama ule unaouona kwenye sarafu ya zamani, na nilipochana ganda la kebo nikakuta wavu wa shaba wa nje umekuwa mweusi. Nikakata sentimita kumi, bado mweusi. Nikakata nusu mita, bado. Maji hayakubaki kwenye konekta. Yalikuwa yamenyonywa na ule wavu kama utambi wa taa unavyonyonya mafuta, yakashuka ndani ya kebo. Kebo ile haikuwa na tiba, tuliitoa yote. Boosta ya kwanza, ile iliyotupwa stoo, tuliiunganisha kwenye kebo mpya ikawaka na ikafanya kazi.

Tepu ya umeme peke yake haizuii maji. Gundi yake inayeyuka juani, mwisho wake unafunguka, na baada ya hapo inageuka kuwa mfuko wa kuhifadhia maji. Kuna tepu ya mpira inayojishika yenyewe: unaivuta hadi inarefuka karibu mara mbili, unaizungusha, na baada ya muda inakuwa kipande kimoja cha mpira. Hiyo ndiyo inakaa ndani. Tepu ya umeme inakuja juu yake kuilinda na jua. Zungusha kuanzia chini kwenda juu, kila mzunguko ufunike nusu ya ule wa chini yake, ili maji yateremke kama yanavyoteremka kwenye vigae vya paa. Ukianza juu kwenda chini, kila ukingo wa tepu unakuwa mdomo wa kupokea maji. Na ukitaka kutumia silikoni, inuse kwanza. Ile inayonuka kama siki ina asidi, inaila shaba. Tafuta isiyokuwa na harufu hiyo.

Kisha, kabla kebo haijaingia ndani ya nyumba, iache ining'inie kidogo iwe kama tumbo, sehemu ya chini kabisa ya tumbo hilo iwe chini ya tundu la ukutani. Maji yanayofuata kebo yatafika pale chini yadondoke, badala ya kuingia nayo ndani hadi kwenye boosta.

Kipimo cha maltimita kinasaidia, ila kina mipaka yake. Chomoa kebo pande zote mbili. Pima kati ya pini na ganda la konekta: pasiwe na muunganiko hata kidogo. Ukiona kilo-omu kadhaa zinazochezacheza, huo ni unyevu. Kisha unganisha pini na ganda upande mmoja kwa kipande cha waya, pima upande wa pili: isizidi omu moja au mbili. Ukisahau kuchomoa antena, unaweza kuona sifuri ukadhani kebo imegusana. Antena nyingi zimetengenezwa hivyo, kwa umeme wa maltimita zinaonekana kama waya mmoja, na ni salama. Kosa hilo limetupisha kebo nyingi nzima.

Kama fundi wako ana kipima mawimbi yanayorudi, kile cha SWR, mwambie asikitegemee akiwa amekaa chini kwenye kebo ndefu. Hili linawapotosha hata wenye uzoefu. Kebo mbovu inayokula desibeli 10 inakula mawimbi yanapokwenda na inayala tena yanaporudi, jumla 20. Hata ukiondoa antena kabisa huko juu, kipimo cha chini kitakuonyesha kama 1.2, namba ambayo kila fundi angeifurahia. Kipimo kizuri kupita kiasi kwenye kebo kuukuu ni dalili ya ugonjwa. Apime juu, mguuni mwa antena, au afunge kipingamizi cha omu 50 huko juu na apime nguvu inayofika.

Sasa ile kebo uliyoongeza. Hukuniambia ni ya aina gani, lakini nyingi zinazouzwa kwa matumizi hayo ni nyembamba kama penseli ya mtoto, RG-58 au zinazofanana nayo. Kwenye megahezi 900 kebo hiyo inakula takriban nusu desibeli kila mita. Mita zako kumi zimekula desibeli 5, yaani theluthi mbili ya nguvu imeishia njiani, na kwenye masafa ya juu zaidi hali ni mbaya zaidi. Kebo nene ya daraja la LMR-400 ingekula kama desibeli 1.3 tu kwa umbali huo. Juu ya hayo, kila kiungo ulichoongeza ni mahali pengine maji yatakapoingia. Kama ni lazima kuongeza urefu, ongeza upande wa ndani, kati ya boosta na antena ya ndani. Kebo ya nje ifanye fupi na nene kadiri unavyoweza, kwa sababu kinachopotea kabla ya boosta hakirudi. Boosta ina kelele yake yenyewe, na mawimbi yaliyoifikia yakiwa dhaifu yanakuzwa pamoja na kelele hiyo.

Ile hofu ya kuchanganya kebo za omu 75, zile za televisheni, na za omu 50 imekuzwa mno. Kinachopotea kwa kutolingana huko ni chini ya robo ya desibeli kwa kila kiungo. Kinachoua ni konekta isiyokaa sawasawa: pini ya omu 75 ni nyembamba, inacheza ndani ya tundu la omu 50, na pini nene ya omu 50 inapanua tundu la mwenzake lisishike tena. Tumia kebo moja na konekta zake mwanzo hadi mwisho, hutapata shida hiyo.

Nimefika kwenye taa nyekundu. Hapa naomba usome polepole, maana ndipo boosta kubwa itakapokuharibia.

Unajua kinachotokea mtu mwenye kipaza sauti anapokaribia spika: mlio mkali unatoka, kila mtu anaziba masikio. Sauti ya spika imeingia kwenye kipaza, imekuzwa, imetoka kwenye spika, imeingia tena. Boosta inafanya jambo lile lile, ila mlio wake hausikiki. Antena ya ndani inarusha mawimbi yaliyokuzwa. Antena ya nje ikiyasikia, inayarudisha kwenye boosta, nayo inayakuza tena. Inaanza kujilisha yenyewe. Boosta yenye akili inatambua, inawasha taa nyekundu na kujipunguza. Isiyo na akili inaendelea kupiga mluzi huo mchana na usiku.

Ukaisogeza antena ya ndani hadi dirishani. Naelewa kwa nini, kila mtu angefikiri hivyo. Lakini dirisha ndipo mahali pepesi kuliko pote katika ukuta wa nyumba. Kioo hakizuii mawimbi kama zege. Umeziweka antena mbili karibu, na umeondoa ukuta uliokuwa katikati yao.

Tazama namba. Kwenye megahezi 900 mita 10 za hewa tupu zinakata kama desibeli 51. Ukipunguza umbali hadi mita 5 zinabaki 45. Kila ukipunguza umbali nusu unapoteza desibeli 6 za utengano, yaani kile kinachozizuia antena mbili zisisikilizane. Mgongo wa Yagi unasaidia kidogo kwa kuwa hausikii vizuri, na paa la bati au dari ya zege vinasaidia sana. Kanuni ya kazi ni kwamba utengano wa jumla uzidi ukuzaji wa boosta kwa desibeli 15 hivi. Boosta yako ikikuza kwa 60, unahitaji 75. Sasa mwambie fundi wako akuletee inayokuza kwa 70: utahitaji 85, ndani ya nyumba ile ile, dirisha lile lile. Taa itakuwa nyekundu tangu dakika ya kwanza. Utakuwa umetoa fedha kununua ugonjwa mkubwa zaidi.

Dalili yako ya baa zote bila kuunganisha inalingana na hili. Simu inaona mawimbi mengi, lakini mengi ni kelele, na njia ya kurudi mnarani imezibwa.

Kuhakikisha ni rahisi. Zima boosta, chomoa kebo ya antena ya ndani, na kwenye tundu lile funga kifuniko cha kupima cha omu 50. Ni kitu kidogo kama kizibo, fundi yeyote wa redio anacho. Washa. Taa ikirudi kijani, boosta ilikuwa inajilisha. Sasa antena ya ndani haipo, haina cha kujilisha nacho. Taa ikibaki nyekundu, basi kinachoingia kutoka nje kina nguvu kupita kiasi, pengine mnara mpya umejengwa karibu, au boosta yenyewe ina hitilafu. Chomoa na ile ya nje, funga kizibo kama hicho. Ikiwa bado nyekundu wakati haina antena hata moja, hapo ndipo nitakubaliana na fundi kwamba sanduku linaumwa. Usiiache ikiwaka huku tundu liko wazi, hasa kwa mitambo yenye nguvu: nguvu isiyo na pa kwenda inairudia transista ya mwisho.

Nikiwa nimesimama mbele ya nyumba yako ningefanya hivi. Antena ya ndani ningeirudisha katikati ya nyumba, mahali pa chini, uso wake ukitazama kinyume na upande Yagi inakotazama. Yagi ningeipandisha juu ya mlingoti, kwa sababu antena moja ikiwa juu kabisa ya nyingine zinasikilizana kidogo kuliko zikiwa bega kwa bega. Kama paa ni bati, lina faida kwako: Yagi ikae juu yake, ya ndani ikae chini yake, bati liwe ngao. Kisha ningepunguza ukuzaji kwa swichi au kitufe kilicho kwenye boosta, desibeli 5 kila mara, hadi taa itulie kijani, halafu nishuke hatua moja zaidi ili siku upepo unapotikisa antena au mtu anapofungua mlango isianze tena. Mwenye nyumba huona vibaya kupunguziwa nguvu aliyoilipia. Lakini boosta ya desibeli 60 iliyoshushwa hadi 50 ikatulia inaongea vizuri kuliko ya 70 inayopiga mluzi, na utaliona jioni ile ile.

Kuna jambo linanigusa zaidi ya simu yako. Boosta inayojilisha inarusha kelele hadi mnarani, na mnara unahudumia watu wengi. Mama anayeomba gari la wagonjwa upande wa pili wa bonde anaweza kukosa kuunganishwa kwa sababu ya sanduku lililoko kwenye dari ya mtu mwingine asiyejua. Ndiyo sababu mamlaka za mawasiliano zinazifuatilia. Marekani ilitunga kanuni mwaka 2013 zinazotaka boosta za nyumbani zijipunguze au zijizime zenyewe zinapoanza kujilisha, na zisajiliwe kwa kampuni ya simu. Katika nchi nyingi huruhusiwi kuiweka bila idhini ya mamlaka au ya kampuni yenye masafa hayo. Kama yako haina kibali, ulizia. Na hadi utakapomaliza marekebisho, taa ikiwa nyekundu, izime.

Ugonjwa wa tatu, wa kuzima mchana, ni mwepesi. Naamini boosta imefungwa darini chini ya bati. Huko mchana ni tanuri. Boosta inajizima ili isiungue, jioni inapoa inarudi. Ishushe ukutani, mapezi yake ya kupozea yasimame wima ili hewa ya moto ipande, acha nafasi ya kiganja pande zote, na kila baada ya miezi michache ipanguse vumbi kwa brashi kavu.

Adapta yake nayo huenda imeumia kwa joto hilo hilo. Kapasita zilizomo ndani huishi takriban nusu ya muda kila joto linapopanda nyuzi 10. Pima volti ikiwa imechomekwa na boosta inafanya kazi, kwa sababu adapta mbovu ikiwa haina mzigo husoma vizuri kabisa. Ikiwa imeandikwa volti 12 na inashuka hadi 10 na ushei boosta inapowaka, ibadilishe. Badala yake iwe na volti zile zile na ampea zile zile au zaidi, ncha chanya upande ule ule. Ukiona adapta imevimba au inanuka, usiifungue kuitazama. Ndani yake kuna kapasita inayohifadhi umeme wa njia kuu hata baada ya kuchomolewa.

Usisahau kinga ya radi. Kama ipo kwenye kebo ya nje, ndani yake kuna kichupa cha gesi, na kichupa hicho kikishapigwa huweza kubaki kimeungana, kikala mawimbi yako bila dalili yoyote ya nje. Ipite kwa muda mfupi siku ya anga safi, uunganishe kebo moja kwa moja: namba ikipanda ghafla, umempata mkosaji, weka kinga mpya. Waya wake wa ethi, ule unaoshuka ardhini, uwe mfupi, mnene, usiokunjwa kunjwa, na uungane na ethi ya nyumba. Vyuma viwili vya ethi visivyounganishwa ni hatari, kwa sababu radi ikipiga karibu, tofauti ya volti kati yao itatafuta njia kupitia boosta yako.

Anza hivyo basi: antena ya ndani irudi mahali pake pa zamani leo hii, ile kebo ya nyongeza iondoke, na siku ya kwanza ya ukavu konekta ya juu ifunguliwe. Ukikuta wavu wa nje ni mweusi, usihangaike kuusugua, badilisha kebo nzima. Halafu niandikie namba nne: dBm ya paani, dBm ya ndani boosta ikiwa imezimwa, ya ndani ikiwa imewashwa, na umbali kwa mita kati ya antena zako mbili. Nitajie pia bendi zilizoandikwa mgongoni mwa boosta na aina ya kebo iliyochapishwa kwenye ganda lake. Nikiwa na hayo nitakuambia mahali desibeli zako zinapopotelea.